Kisichotengenezeka: Maana na Matumizi ya Maneno ya Uharibifu wa Mwisho

Utangulizi

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alipeleka cherehani cha marehemu mkewe kwa fundi wa Ngamiani. Kilikuwa cherehani cha kukanyaga, chenye miguu ya chuma, ambacho kwa miaka mingi kilishona sare za watoto wa mtaa na kulipa ada za watoto wa nyumba ile. Baada ya wiki mbili alirudi kukiulizia. Fundi, kijana wa umri wa kuwa mwanawe, alimwamkia, akamsogezea kigoda, kisha akasema: "Mwalimu, hiki kimenishinda." Mwalimu, ambaye alikuwa amefundisha sarufi ya Kiswahili maisha yake yote ya kazi, akamwuliza: "Kimekushinda wewe, fundi, au hakitengenezeki?" Kijana akanyamaza kidogo kabla ya kujibu. "Kimenishinda mimi. Kama hakitengenezeki, labda mzee aliyenifundisha kazi ndiye awezaye kusema."

Swali la mwalimu ndilo swali la insha hii. Kiswahili hutajaje uharibifu usiokuwa na marekebisho? Je, liko neno moja libebalo maana hiyo, au maana hiyo hujengwa kwa njia nyingine? Tena, anayelitamka neno hilo huwa anasema jambo gani: habari ya kitu, au habari yake yeye mwenyewe aliyeshindwa? Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini majibu yake huingia katika mikataba ya bima, katika wodi za hospitali, na katika hukumu ambazo wazazi na majirani huwatolea watoto.

Kitenzi -haribika na uzito wake

Neno la kwanza lijalo akilini ni -haribika. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye konsonanti kh-r-b, ambao katika lugha hiyo hutaja maangamizi ya mahali na ukiwa ubakiao baada ya watu kuondoka. Mzizi huohuo ndio uliotupa nomino harabu, isikikayo katika methali, "Nazi mbovu harabu ya nzima." Hata hivyo, neno hili lilipozoea makazi ya Kiswahili lilipunguza ukali wake. Mvua huharibu barabara, chumvi huharibu mchuzi, mgeni asiyealikwa huharibu mazungumzo. Hakuna mji unaobaki ukiwa katika mifano hiyo.

Yafaa kulinganisha sentensi mbili: "Maziwa yameharibika" na "Barabara imeharibika." Kitenzi ni kilekile, kauli ni ileile, na wakati ni uleule. Lakini asikiaye sentensi ya kwanza haulizi maziwa yatatengenezwa lini, na asikiaye ya pili huuliza hilo mara moja. Tofauti hiyo haitoki katika kitenzi. Yatoka katika ujuzi wa watu kuhusu maziwa na barabara. Kitenzi -haribika, kwa hiyo, husema tu kwamba kitu kimetoka katika hali yake njema. Hakisemi kama kitarudi.

Wasemaji wengi hudhani kwamba kielezi kabisa hukamilisha kazi hiyo. Dhana hii haisimami ikipimwa. Mtu aweza kusema, "Gari lilikuwa limeharibika kabisa, lakini fundi akalitengeneza," na hakuna atakayemshangaa. Akisema, "Gari lilikuwa halitengenezeki, lakini fundi akalitengeneza," wasikilizaji watamrudi: basi lilikuwa likitengenezeka, na aliyesema awali alikosea. Kabisa huongeza kiasi cha uharibifu. Haifungi mlango wa marekebisho. Afungaye mlango huo ni ukanushi ukiungana na kauli ya kutendeka.

Kauli ya kutendeka na ukanushi

Kauli ya kutendeka ina kazi mbili zijulikanazo na kila mwanafunzi wa sarufi. Hutaja hali, kama katika "Kikombe kimevunjika," na hutaja uwezekano, kama katika "Kikombe hiki huvunjika upesi." Katika wakati uliopo, ukanushi huelekea zaidi kwenye uwezekano: haliungiki, halishoneki, hakitengenezeki. Methali isemayo "Maji yakimwagika hayazoleki" haitoi habari ya maji fulani ambayo watu wamejaribu kuyazoa wakashindwa. Yasema kwamba kuzoleka hakumo katika tabia ya maji yaliyokwisha kumwagika.

Hapo ndipo lugha impapo msemaji hiari kubwa ambayo mara nyingi huitumia bila kuifikiri. Mtu aweza kusema "halitengenezeki", na aweza pia kusema "halijatengenezeka". Maneno haya mawili yanatofautiana kwa kiambishi -ja- na irabu ya mwisho tu, lakini yanatofautiana sana kwa maana. La kwanza humaliza mjadala. La pili lakiri kwamba kazi imekwisha kujaribiwa bila mafanikio, lakini huacha kesho mahali pake. Kiambishi -ja- ni kiambishi cha subira: kila kisichokuwa bado hutajwa kama kitu kinachotazamiwa. Mtoto asiyetembea kwa miezi kumi na minne huambiwa hajatembea. Hakuna mama asemaye hatembei ila akiwa amekwisha kata tamaa au amekwisha kuambiwa na daktari.

Jambo la pili kuhusu kauli hii ni kwamba humficha mtenda. "Gari limeharibiwa" huruhusu swali, na nani? "Gari limeharibika" halipendi swali hilo. Vivyo hivyo "halitengenezeki" hutia ila ndani ya kitu chenyewe na kumwondoa mtu. Huenda kipuri hakipatikani mjini. Huenda fundi hana chombo cha kufungulia. Huenda mwenye mali hana fedha. Sababu zote hizo humezwa na silabi moja ya mnyambuliko, na kitu hubaki kikilaumiwa peke yake.

Kitenzi -shinda hufanya kinyume. Fundi asemapo "kimenishinda" humtaja mtu aliyeshindwa, naye ni yeye. Usemi huo ni wa unyenyekevu, lakini ni wa usahihi pia, kwa kuwa haudai zaidi ya kile ambacho msemaji anakijua. Katikati husimama "kimeshindikana", ambapo mtu ameanza kufichika lakini kumbukumbu ya juhudi ingalipo. Ngazi hii ya kimenishinda, kimeshindikana, hakitengenezeki, ni ngazi ya kuondoka kwa mtu katika sentensi. Kadiri mtu anavyoondoka ndivyo kauli inavyozidi kuonekana kama ukweli wa kudumu.

Yafaa kuongeza kwamba -tengeneza yenyewe ni kitenzi cha ajabu. Fundi seremala hutengeneza kiti kipya, na hutengeneza kiti kilichovunjika. Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha kazi hizi mbili, kwa sababu zote ni kutia kitu katika mpango wake. Methali ya ufa na ukuta yakubaliana na fikra hii: asiyeziba ufa haambiwi kwamba atakosa ukuta milele, huambiwa kwamba ataujenga. Kutengeneza upya kwaendelea pale kutengeneza kwa kuziba kulipokomea.

Kufa na kufufuka kwa vitu

Mafundi na wenye vyombo hutumia pia kitenzi -fa. Betri imekufa, saa imekufa, simu imekufa. Injini hupewa neno lake, kunoki, na vyombo vya umeme huungua. Kwa binadamu Waswahili hutafuta neno la heshima, wakasema amefariki au ameaga dunia. Kwa kitu hawaoni haja ya kupoza. Ingetarajiwa basi kwamba -fa ndilo neno la mwisho wa mambo.

Lakini vitu hufa vikafufuka. Katika Tanzania magazeti na hotuba zimezungumzia kwa miaka mingi viwanda vilivyokufa na kazi ya kuvifufua. Treni ya abiria iliyokuwa imetoweka katika reli ya kaskazini ilirudi Moshi mwaka 2019, na tukio hilo likaitwa ufufuo wa reli. Hakuna aliyeona kwamba lugha imekosewa. Kifo cha mtu hakifufuliwi ila kwa imani. Kifo cha reli hufufuliwa kwa mataruma, kokoto na fedha. Kwa hiyo -fa, likitumiwa kwa vitu, ni neno la ukimya kuliko neno la mwisho: kitu kimeacha kuitika.

Majina ya mabaki: gae na gofu

Ikiwa vitenzi havitoi neno moja la mwisho, nomino hutoa mengi. Chungu kilichovunjika huacha magae. Nyumba iliyobomoka huacha kifusi au gofu. Kijiji kilichohamwa huacha mahame au ganjo. Gari lililochakaa huitwa mkweche lingali likitembea, na likisimama moja kwa moja huwa chuma chakavu. Katika kila mfano, kitu hakiitwi tena kwa jina lake la kwanza. Gae si chungu kilichoharibika, ni gae. Huko kubadilika kwa jina ndiko kukiri kwa kweli kwamba marekebisho yamekoma.

Hata hivyo majina haya hayakomei kwenye hasara. Gae la chungu lilitumika kuchukulia moto kutoka jiko la jirani. Kigae, ambacho ni kipande cha chombo kilichovunjika, ndicho pia kiitwacho hivyo kikiezekwa juu ya nyumba. Neno moja lataja kilichotupwa na kinachomkinga mtu na mvua. Wanaakiolojia, nao, huthamini vigae kuliko wapishi walivyothamini vyungu. Neville Chittick, aliyechimbua Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alipanga vipindi vya mji ule kwa msaada mkubwa wa vipande vya vyombo vya udongo na kauri vilivyotoka hata China. Chombo kizima kingekuwa kimebebwa na mwenyewe alipohama. Kilichovunjika ndicho kilichobaki kutoa ushahidi.

Gofu lina mafunzo zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2014 yakaondolewa humo baada ya kazi ya kuyahifadhi. Mfululizo huu wa tarehe waonyesha jambo ambalo mantiki ya kawaida ingelikataa: gofu laweza kuharibika, na likatengenezwa, likabaki gofu. Waashi walioimarisha kuta za Kilwa hawakutaka kurudisha msikiti au kasri katika hali ya kukaliwa. Walitengeneza ugofu wenyewe usiporomoke.

Unguja yatoa mfano wa pili. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Uingereza zilipiga mabomu majumba ya Sultani yaliyo ufukweni. Beit al-Hukm liliangamia na halikujengwa tena. Jirani yake, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, liliokoka, likatengenezwa, na likaendelea kuishi kwa zaidi ya karne. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo, pamoja na mnara wake, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Watu wengi walisema Jumba la Maajabu "limeporomoka" au "limeanguka". Kuliita gofu kungekuwa kutoa hukumu ambayo wenyeji hawakuwa tayari kuitoa. Kati ya kuporomoka na ugofu pana nafasi, na ndani ya nafasi hiyo watu hutafuta fedha, mafundi na nia.

Hesabu ya bima

Nafasi hiyo hubanwa sana pale neno linapoingia katika mkataba. Katika bima ya vyombo vya moto hutumika istilahi hasara kamili. Maana yake si kwamba chuma hakiungiki, bali kwamba gharama ya kukiunga inazidi, au inakaribia mno, thamani ya chombo. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni 8, na matengenezo yake yamekadiriwa kuwa milioni 9. Kwa mkadiriaji jambo limekwisha. Kwa fundi wa Gerezani, ambaye hunyoosha bodi kwa nyundo na kutafuta mlango katika gari jingine lililokufa, ndiyo kwanza jambo laanza.

Mfasiri asipokuwa mwangalifu atawaletea watu hawa wawili ugomvi usio wa lazima. Akiandika "gari limeharibika kabisa", mwenye gari atasoma habari ya kiasi na kusubiri matengenezo. Akiandika "gari halitengenezeki", mwenye gari atamleta fundi wake kuthibitisha kwamba lakuwa uongo, na fundi atakuwa na haki. Kinachokusudiwa ni jambo la tatu: gari ambalo matengenezo yake hayalipi. Fundi huuliza kama kitu chatengenezeka. Mkadiriaji huuliza kama chastahili kutengenezwa. Kiswahili kina maneno ya kutosha kutenganisha maswali haya. Kinachohitajika ni wanaistilahi na wafasiri kutoyachanganya.

Neno likiwaangukia watu

Uzito mkubwa kuliko wote uko pale maneno haya yanapomgusa binadamu. Kwa mimba, -haribika huwa la mwisho bila kuhitaji kabisa, kama ilivyo kwa maziwa, na hakuna msikilizaji asiyejua hivyo. Hapa sarufi ya Kiswahili imefanya jambo la huruma. Husemwa "mimba imeharibika", au "ameharibikiwa mimba". Katika usemi wa pili mama ni kiima, lakini mnyambuliko wamtaja kama mtu aliyefikwa na msiba, sawa na aliyefiwa. Ukiondolewa mnyambuliko huo, ikasemwa "ameharibu mimba", mama huwa mtenda na mtuhumiwa. Kati ya pole na shutuma pana silabi chache tu. Mkunga au mwuguzi ajazaye fomu kwa haraka, na mwanafunzi aifasiriye fomu hiyo, hawana budi kuzitunza silabi hizo. Mwanamke aliyelala kitandani atazisikia kabla ya neno jingine lolote.

Upande wa tabia mambo ni kinyume. "Kijana yule ameharibika," husema jirani, na "binti yule ameharibiwa," husema mwingine. Kwa kuwa -haribika hakifungi mlango chenyewe, sentensi hizi zingeweza kuwa habari tu ya hali iliyopo. Lakini jamii huzisikia kama ilivyozoea kusikia habari ya maziwa, si kama habari ya barabara. Binti hukatishwa masomo, kijana hunyimwa kazi, kwa sababu wasikilizaji wamejazia wenyewe ukanushi ambao haukusemwa. Kosa hapa si la kitenzi. Ni la ujuzi ambao watu hudhani wanao kuhusu binadamu.

Wazazi na wazee wenye busara huwa na neno jingine. Husema "mwanangu hajatengemaa". Kitenzi hiki kina undugu na -tengeneza, na kiambishi chake ni kile cha subira. Hakikani kosa, hakisemi kijana ni mwema. Chasema tu kwamba hesabu haijafungwa. Wahunzi nao walikwisha sema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: kilichovunjika ni koleo, na mhunzi angalipo.

Hitimisho

Kutokana na mifano hii yaonekana kwamba Kiswahili hakina kitenzi kimoja kitajacho uharibifu usiotengenezeka, na kwamba kukosa huko si upungufu. Maana hiyo hujengwa ama kwa ukanushi wa kauli ya kutendeka, ama kwa kukipa kitu jina jipya. Njia zote mbili zahitaji mtu aamue. Lugha humlazimu msemaji achague kati ya -ja- na ukanushi usio na subira, kati ya kimenishinda na hakitengenezeki, kati ya nyumba iliyoporomoka na gofu. Watunga kamusi wangefanya vyema kuacha -haribika na maana yake iliyo wazi, wala wasikipe uzito wa mwisho ambacho hakina. Wafasiri wangefanya vyema kuuliza kila mara: nani amesema haitengenezeki, na kwa kipimo gani?

Mwalimu wa Tanga alikichukua cherehani kwa mkokoteni hadi kwa yule mzee aliyemfundisha fundi kazi. Mzee alikifungua mbele yake, akakisogeza mwangani, akamwonyesha kwa kidole: gurudumu dogo la ndani lilikuwa limelika meno, na mwili wa chuma wenyewe ulikuwa umepasuka kutoka tundu la parafujo hadi chini. "Gurudumu ningelichonga," akasema. "Ufa huu, Mwalimu, haushiki moto, ukiuchomea utapasuka kando. Hiki hakitengenezeki." Mwalimu akautazama ufa kwa muda, akashukuru, akalipa ujira wa kufungua na kufunga. Hakuuliza swali jingine. Neno lilikuwa limesemwa na mtu aliyekifungua kitu, akaonyesha sababu, mbele ya mwenyewe.

Kichwa cha cherehani kilibaki kwa mzee, kwa ajili ya vipuri. Miguu ya chuma ilirudi nyumbani, ikawekewa ubao juu, na wajukuu huandikia hapo kazi zao za shule. Wao huiita meza.